Mzigo wako unatokea Genoa? Anza kuhesabu siku kiwandani, usisubiri meli

Ukiagiza mashine Italia, iwe oveni ya mikate, ya aiskrimu, ya kukata marumaru au ya kufungasha unga, kuna uwezekano mkubwa mzigo wako ukapandia Genoa. Viwanda vingi vya mashine viko kaskazini, Milano, Torino, Bergamo, Brescia huko, na Genoa ni moja ya bandari zao za karibu. Sasa watu wetu wengi hapa Dar wakishalipa wanauliza swali moja tu, meli inachukua siku ngapi, alafu wanaanza kuhesabu, alafu wanaanza kugombana na wakala. Mi nasema hesabu ianzie geti la kiwanda, kwa sababu siku nyingi zinapotelea kati ya kiwanda na gati la Genoa na hizo hakuna mtu anakuonyesha kwenye ramani ya meli.

Kwaiyo hapa nitaeleza jinsi ya kuufuata mzigo kuanzia kule mpaka Kurasini, na nitachanganya na historia ya bandari yenyewe maana bila hiyo hutaelewa kwanini mambo ya kule yako vile yalivyo. Ni ndefu kidogo, vuta kiti.

Kwanza ujue bandari ilivyokaa

Genoa imebanwa. Nyuma ni milima ya Apennini, mbele ni bahari, mji na bandari vimeminywa hapo katikati, chukua shughuli zote za bandari yetu uzipange kwenye mtaa mmoja wa Kariakoo siku ya mkesha wa Idi ndo utapata picha. Kwa kukosa pa kwenda bandari ikajinyoosha ufukweni, zaidi ya kilomita 20 kutoka bandari ya kale mpaka Voltri.

Sisi Dar meli inapita kwenye mlango mwembamba kati ya Magogoni na Kigamboni, ndani kuna utulivu, shida yetu kubwa ni kina cha maji na kupwa na kujaa, siku za bamvua maji yanapishana zaidi ya mita tatu na manahodha wanalijua hilo. Genoa maji hayapandi wala kushuka kivile, hata nusu mita hayafiki. Kinachowasumbua wao ni upepo. Kuna wa kaskazini unashuka milimani, tramontana, na wa kusini magharibi unaoleta mawimbi, libeccio, na kwa vile gati ziko usoni mwa bahari zinalindwa na ukuta wa mawe wa kuvunja mawimbi. Upepo ukizidi kreni zinasimamishwa, malori yanaendelea kuja, foleni inaota. Kwaiyo wakala akikwambia kontena halijapanda kwa sababu ya hali ya hewa usimwite muongo moja kwa moja, fungua kwanza utabiri wa upepo wa Genoa wa siku hizo, ni dakika moja tu.

Ukuta wenyewe uko kwenye ujenzi mpya. Kazi ilianza 2023, bajeti iliyotangazwa ni kama euro bilioni 1.3, sehemu nyingine unasimamishwa kwenye kina cha mpaka mita 50 ambacho kwa ukuta wa bandari ni kitu cha ajabu. Wanaujenga mbali zaidi na ule wa zamani kwa sababu meli za siku hizi zenye urefu wa mita 400 hazina pa kugeukia kwenye eneo la maji la gati za Sampierdarena, karibu na mji. Na kugeuza meli sehemu finyu sio utani, Mei 2013 meli inaitwa Jolly Nero ikiwa inatoka bandarini usiku iliugonga mnara wa kuongozea meli, mnara ukaanguka, watu 9 wakafa.

Historia, ila ile inayogusa mzigo wako

Enzi za kati Genoa ilikuwa dola kamili, jamhuri ya wafanyabiashara na manahodha, inapigana na Pisa (ikaichapa vibaya pale Meloria mwaka 1284), inapigana na Venezia, ina vituo vya biashara mpaka Caffa kule Bahari Nyeusi. Columbus ni mtoto wa huko. Lakini kilichowatofautisha zaidi naona ni hela na makaratasi. Mkataba wa bima ya bahari wa zamani kabisa unaojulikana uliandikwa Genoa mwaka 1347. Mwaka 1407 wakaanzisha Casa di San Giorgio, taasisi ya kusimamia madeni ya jamhuri ambayo ikafanya na kazi za benki, ikakaa kwenye jumba la mwaka 1260 palepale ukingoni mwa bandari, na jumba hilohilo leo ndo makao ya mamlaka ya bandari. Yani barua ya kuhusu gati na makontena inatoka kwenye jengo lenye miaka zaidi ya 750. Na mnara wa taa, Lanterna, huu unaouona kwenye picha zote ni wa 1543, urefu kama mita 77, mpaka leo unawaka.

Bandari ya kale ilikuwa kaghuba tu, meli za mvuke zilipokuja ikawa ndogo. Miaka ya 1870 kuna tajiri, Duke wa Galliera, akatoa lira milioni 20 za mfukoni mwake bandari ipanuliwe. 1903 likaundwa shirika la kuiendesha, Consorzio Autonomo del Porto, likakaa hapo miaka na miaka mpaka sheria namba 84 ya 1994 ilipobadilisha mfumo mzima: dola inabaki mwenye eneo, kampuni binafsi zinapewa gati kuendesha kwa mkataba. Hizi kelele zetu za 2023 kuhusu nani apewe gati Dar, Waitalia walishapiga za kwao miaka ya tisini.

Alafu kuna makuli. Wa Genoa sio watu wa kuwachezea, wana ushirika wao wenye nguvu (unaitwa CULMV) na historia ndefu ya kugoma. Desemba 1900 serikali ilipoivunja ofisi ya vyama vya wafanyakazi bandari ikasimama, mji ukasimama, na serikali ikarudi nyuma. Mei 2019 walikataa kupakia jenereta kwenye meli ya Saudia wakisema zitaenda kutumika kwenye vita vya Yemen. Kwaiyo mgomo wa Genoa unaweza usihusiane kabisa na mshahara wala na mzigo wako lakini kontena lako likalala. Kizuri ni kwamba migomo mingi Italia inatangazwa mapema, wizara yao ya uchukuzi ina ukurasa wa kuorodhesha migomo yote kwa tarehe, tafuta kwa neno scioperi, tafsiri na simu yako, angalia wiki ambayo mzigo wako unatakiwa kuingia bandarini.

Bandari ya kale yenyewe siku hizi ni ya kutembea na kupiga picha, waliifufua 1992 kwa maadhimisho ya miaka 500 ya safari ya Columbus, msanifu majengo akiwa Renzo Piano, mtoto wa mji. Makontena yalishahamia magharibi.

Uliza gati, sio bandari tu

Hapa ndo wengi wanapotea. Ukiambiwa "Genoa" umeambiwa nusu. Muulize muuzaji au wakala wake: terminali gani? Kubwa ya makontena ni ya Pra', kule magharibi, inaendeshwa na PSA ya Singapore, ilijengwa kwa kujaza bahari mbele ya kitongoji cha Pra' na wenyeji wakapoteza ufukwe wao, mpaka leo hawajasahau. Kwenye gati za Sampierdarena na karibu na mji kuna Sech, Bettolo, na gati la Messina. Kila moja ina geti lake, saa zake na siku yake ya mwisho ya kupokea kontena kwa meli fulani. Hiyo siku ya mwisho ndo tarehe yako muhimu kuliko tarehe ya meli kuondoka, iandike ukutani, kontena likifika baada ya hapo linasubiri meli inayofuata na kwa njia za Afrika Mashariki meli inayofuata inaweza isiwe wiki ijayo.

Angalia pia kama bukingi (nafasi ya mzigo wako iliyokatwa kwenye meli) haijahamishwa. Laini za meli zinahamisha mizigo kati ya Genoa, La Spezia, Livorno na Vado (Vado iko chini ya mamlaka moja na Genoa tangu mageuzi ya 2016). Kwenye karatasi utaona misimbo ya herufi tano: ITGOA ni Genoa, ITSPE ni La Spezia, ITLIV ni Livorno, na sisi ni TZDAR. Ukiona msimbo umebadilika kutoka karatasi moja kwenda nyingine uliza, maana lori litaenda sehemu nyingine na gharama yake inakuwa nyingine.

Kuhusu laini za meli. Genoa ina kampuni yake ya tangu 1921, Ignazio Messina, meli zake majina yanaanza na Jolly, na ni watu wa Afrika toka zamani, meli zao zinabeba kontena na pia zina mlango wa nyuma wa kuingiza vitu vyenye magurudumu au mashine kubwa isiyoingia kwenye kontena. MSC nayo kabla haijawa jitu ilianza 1970 kwa meli moja ndogo ya mtumba, Patricia, alafu ikaanza kubeba mizigo kati ya Mediterania na Somalia, na tangu 2022 ndo kubwa kuliko zote duniani kwa uwezo wa kubeba makontena. Chagua kwa bei sawa, lakini uliza pia kama meli inakuja moja kwa moja au mzigo unashushwa njiani.

Barabara, na ule mwezi wa nane

Agosti 14, 2018 daraja la Morandi pale Genoa lilianguka, watu 43 wakafariki. Lilikuwa juu ya bonde la Polcevera, ndo njia kuu ya barabara ya A10 na malori ya bandari yalipita hapo. Daraja jipya likafunguliwa Agosti 2020, Piano tena ndo katoa mchoro. Ila barabara za eneo lile ni mahandaki na madaraja mfululizo, matengenezo hayaishi, lori likitoka Milano hesabu ya gugo ya masaa mawili usiiamini hata kidogo. Wanachimba reli ya kupita chini ya milima, Terzo Valico, ikikamilika mambo yatabadilika, kwa sasa mzigo wako mara nyingi ni wa lori.

Na Agosti. Agosti Italia inafungwa, wakuu. Ferragosto ni tarehe 15, viwanda vingi vinafunga wiki mbili au tatu, simu haipokelewi, baruapepe inajibiwa na mashine. Ukilipa advansi mwishoni mwa Julai ukaambiwa "mashine iko tayari wiki ijayo" jua hiyo wiki ijayo inaweza kuwa Septemba. Agiza ili mzigo utoke kiwandani kabla ya katikati ya Julai au kubali moja kwa moja kuwa ni wa Septemba upange mambo yako hivo.

Kabla hujatuma hela

Kampuni ya Italia ina namba ya kodi inaitwa Partita IVA, tarakimu 11. Iombe, alafu iingize kwenye mfumo wa Umoja wa Ulaya unaitwa VIES, weka IT mbele, itakwambia namba iko hai, na mara nyingi na jina na anwani. Jina likitofautiana na la kwenye invoisi, simama. Akaunti ya benki ikibadilishwa katikati ya maongezi kwa baruapepe, simama kabisa, piga simu kwa namba uliyoipata sehemu nyingine sio iliyoko kwenye hiyo baruapepe. Watu wanalizwa sana kwa njia hii.

Usilipe IVA yao (ndo VAT ya kwao) ya asilimia 22. Mzigo unaouzwa nje ya Ulaya haulipiwi, kwenye invoisi wanaandika kuwa haitozwi kwa mujibu wa kifungu cha 8 cha DPR 633 ya 1972. Lakini kama we mwenyewe ndo unatafuta usafiri kutoka kiwandani, ile bei wanaita EXW, mzigo unatakiwa uwe umetoka Ulaya ndani ya siku 90 na muuzaji apate uthibitisho wa forodha kuwa umetoka, ndo maana wengine wanakudai dipoziti ya IVA. EXW inaonekana rahisi kwa bei, ila unajikuta we uko Tandika unatafuta lori Bergamo. Mwambie muuzaji afanye yeye mambo ya forodha ya kule na afikishe bandarini, FCA au FOB. Karatasi ya kutoka ina namba yake ya MRN, herufi na tarakimu 18, iombe uiweke.

Bima sasa, hii waliyoanza nayo wao 1347. Muuzaji akikupa CIF (bei ya mzigo, bima na nauli pamoja) kaweka bima ndani, ila kwa kanuni za kimataifa za 2020 CIF inamlazimu kuweka ile ya kiwango cha chini tu, klozi C, ambayo inahusu majanga makubwa, kontena likiibiwa kitu au mashine ikilowa hola. Klozi A ndo pana. Na kwetu sheria inataka mzigo wa kuingia nchini uwekewe bima kwa kampuni za hapa, kwaiyo heri uchukue bei ya nauli bila bima alafu ukate bima Dar. Usione kama hela ya bure. Ever Given ilipoziba mfereji wa Suez Machi 2021 kwa siku sita, waliokuwa na mizigo ndani yake walitakiwa kuchangia gharama za kuiokoa meli kabla ya kupewa makontena yao, hata kama kontena lako halikupata mkwaruzo. Mwenye bima kampuni inamalizana nao.

Kupakia kwenyewe nitapita haraka. Pima mashine kabla, mlango wa kontena la futi 20 una upana kama mita 2.34 na urefu wa kwenda juu kama mita 2.28, la futi 40 refu la juu mlango unafika kama 2.58. Mbao za kufungashia ziwe na muhuri wa ISPM 15 unaoonyesha zimetibiwa wadudu. Na tangu Julai 2016 kontena halipandi meli bila uzito wake uliothibitishwa, VGM, uzito ukikosewa linabaki gatini. Omba picha: kabla ya kupakia, katikati, mlango umefungwa, na sili ikiwa inasomeka namba.

Kuhakiki namba ya kontena kwa mkono

Hii naipenda, na inakuokoa kwa matapeli wanaotuma BL (hati ya meli ya kuchukulia mzigo) ya kuchora. Namba ya kontena ni herufi nne, ya nne karibu mara zote ni U, alafu tarakimu saba. MSCU na MEDU ni za MSC, MSKU ya Maersk na kadhalika. Ile tarakimu ya mwisho haijawekwa tu hivihivi, inatokana na hesabu ya zile kumi za mbele, kwaiyo aliyebuni namba kichwani kwa kawaida anafeli hapo.

Kila herufi ina thamani. A ni 10, B ni 12, C ni 13, unaendelea kwa mpangilio ila unaruka 11, 22 na 33, kwaiyo K ni 21, L ni 23, U ni 32, V ni 34, Z ni 38. Tarakimu zinabaki zilivyo. Alafu ya kwanza unazidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, unaendelea kuongeza maradufu mpaka ya kumi ambayo ni 512. Jumlisha zote, gawanya kwa 11, kinachobaki ndo tarakimu ya mwisho (ikibaki 10 inaandikwa 0).

Mfano CSQU3054383. Herufi: C 13 mara 1 ni 13, S 30 mara 2 ni 60, Q 28 mara 4 ni 112, U 32 mara 8 ni 256, jumla 441. Tarakimu: 3 mara 16 ni 48, 0 mara 32 ni 0, 5 mara 64 ni 320, 4 mara 128 ni 512, 3 mara 256 ni 768, 8 mara 512 ni 4096, jumla 5744. Zote pamoja 6185. Gawanya kwa 11 unapata 562 inabaki 3, na tarakimu ya mwisho ni 3. Safi. Ikikataa, hiyo namba imekosewa au ni feki. Ikikubali haina maana kontena ni lako, tapeli anaweza kunakili namba ya kweli, kwaiyo iingize kwenye tovuti ya laini ya meli yenyewe uone kama safari inaendana na ulichoambiwa.

Baharini

Genoa ni bandari ya mlango, mizigo yake inatoka viwandani nyuma yake. Kuna bandari nyingine Mediterania kazi yao kubwa ni kuhamisha makontena kutoka meli hadi meli, kama Gioia Tauro kusini mwa Italia na Marsaxlokk ya Malta. Mzigo wako ukipangiwa kupita huko jina la meli litabadilika njiani, watu wanapaniki wanaona meli yao imeelekea Hispania wakati kontena lilishashushwa. Fuata namba ya kontena, usifuate jina la meli. Ukitaka kuangalia meli kwenye ramani tumia namba yake ya IMO, tarakimu saba, hiyo haibadiliki hata meli ikibadilishwa jina.

Njia fupi ni Suez, mfereji wa kilomita 193 uliofunguliwa 1869, unatoka Bahari ya Shamu pale Bab el-Mandeb unashuka Dar. Tangu mwishoni mwa 2023 mashambulizi ya Wahouthi yalifanya laini nyingi zizungukie Rasi ya Tumaini Jema, yani meli inatoka Genoa inaelekea Gibraltar, inazunguka Afrika yote, inakuja kutupata kwa chini. Kabla ya kusaini uliza meli inapita wapi na uandikiwe, maana nauli, siku na ile tozo ya hatari ya vita vyote vinategemea hapo.

Dar

BL ndo mali yako. Kuna orijino, kawaida nakala tatu, unaletewa kwa kuria baada ya kumalizia malipo, na kuna teleksi rilizi ambayo muuzaji anasalimisha orijino kule kule Italia na wewe unapewa mzigo bila karatasi. Teleksi ni ya haraka, kama umeshamalizana na muuzaji idai, kuria ikichelewa meli ikawahi unaanza kulipia storeji kwa ajili ya bahasha. Jina lako na TIN kwenye BL viwe sawasawa na vya TRA, herufi kwa herufi, marekebisho baada ya meli kuondoka yanalipiwa.

Cheti cha ubora cha TBS, kile kinachotolewa kabla mzigo haujaondoka, kimalizeni mashine ikiwa bado Italia, mkaguzi anaenda kiwandani. Muulize wakala wako mapema kama mashine yako inakihitaji, hasa ikiwa ya mtumba.

Meli ikifika makontena yanashuka gati 0 mpaka 7 za DP World au 8 mpaka 11 ambako wako TEAGTL, kampuni iliyo chini ya Adani na wenzake, na mengine yanahamishiwa bandari kavu huku mitaani. Jua liko wapi siku hiyohiyo. Ushuru unapigwa kwenye thamani ya CIF, VAT ni asilimia 18, na kiwango cha ushuru kinategemea msimbo wa HS (namba ya kimataifa ya aina ya bidhaa): mashine nyingi za uzalishaji za sura ya 84 ziko asilimia 0, lakini sio zote na vipuri mara nyingi vina yake, kwaiyo kubalianeni na wakala msimbo wa HS kabla mzigo haujatoka Italia na ufanane kwenye invoisi, pakingi listi na BL. Karatasi ziingizwe kwenye mfumo kabla meli haijatia nanga. Wanaosubiri meli ifike ndo waanze kutafuta wakala, hao ndo wanaolipa storeji ya bandari na demareji ya laini (tozo ya kuchelewa na kontena lao) kwa pamoja, vitu viwili tofauti vinavyotembea siku moja.

Ukipewa kontena angalia sili kabla haijakatwa, namba ifanane na ya kwenye BL na ile picha uliyotumiwa. Ikitofautiana usifungue, ita wakala na mtu wa bima, piga picha. Ukishashusha mashine fagia kontena, toa misumari na mbao zote, piga picha ndani, sakafuni na milangoni, alafu lirudishe kwenye yadi iliyoandikwa kwenye karatasi ya laini ndani ya siku walizokupa na uchukue risiti ya kurudisha, maana dipoziti yako inatoka kwa hiyo risiti.